Fizi Zangu Zilioza Mbele Yenu

Mwenyekiti wa mkutano huu wa parokia ameniambia nitoe ushuhuda kwa kifupi: niseme nilivyougua, nilivyopona, nimshukuru Mungu, kisha nikae. Nitajitahidi. Lakini nawaomba radhi mapema, maana nimekuja na hasira, na hasira hii nimekaa nayo miaka mingi. Jina la mtu sitalitaja. Atakayeona ameguswa atajua mwenyewe kwa nini.

Wengi mnanijua. Kwa mliotoka vigango vya mbali, mimi ni mzaliwa wa Umatengo, huko juu kwenye kahawa, nikaolewa huku chini ziwani, Chiwanda. Mume wangu ni fundi mwashi. Mimi nauza usipa, dagaa wa ziwa letu. Nanunua hapa ufukweni, naanika, nafunga kwenye magunia, napanda nao lori hadi Mbinga, mara nyingine hadi Kitai, nauza siku za gulio. Nilianza miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mtu ruksa kununua na kuuza, na nilifanikiwa kwa sababu nilikuwa na mdomo. Usipa wangu na wa jirani yangu ni uleule. Mteja anakuja kwako kwa sababu umemwita shemeji, umemtania, amecheka. Na Jumapili, mdomo huohuo ulikuwa unaongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu.

Ugonjwa ukaja ukakaa hapohapo.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wa nne, binti. Asubuhi moja napiga mswaki, natema, naona damu. Sikushtuka. Kesho yake damu, keshokutwa damu. Nikamwambia mama mkwe, naye akasema, "Kila mtoto huchukua jino moja la mama yake. Sisi wote tumepita huko." Nikaamini. Nikaenda zahanati, nikapanga foleni tangu asubuhi mpaka saa saba. Mhudumu akaniuliza nina nini, nikasema fizi zinatoa damu, akanipa Panadol. Ndugu zangu, nawaambia, hakuniambia hata nifungue mdomo. Mtu anasema anaumwa mdomo na wewe humwambii aufungue. Nilirudi nyumbani nikizimeza zile Panadol kwa utii kama komunyo.

Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Fizi zikavimba zikawa na rangi ya zambarau iliyoiva. Meno ya mbele yakaanza kuachana, yakawa marefu, na nikiyagusa kwa ulimi yanacheza. Nikibonyeza fizi kwa kidole unatoka usaha. Maumivu hayakuwa makali, na hilo ndilo lililonidanganya. Kama ningeumwa kama mtu mwenye jino bovu ningepiga kelele, mngenisikia. Huu ugonjwa unakula kimya kimya huku wewe unafua, unapika, unauza samaki.

Halafu ikaja harufu.

Nitaisema, maana humu ndani hamjawahi kuisema mbele yangu hata siku moja. Mdomo wangu ulinuka. Ulinuka kiasi kwamba mimi mwenyewe niliamka asubuhi nikaisikia kwenye mto. Nilitafuna majani ya mpera, nilitafuna karafuu, nilisugua mkaa na chumvi mpaka fizi zikachubuka, na bado. Sokoni mwenzangu wa meza ya pili akahamisha meza yake, akasema anafuata kivuli. Kivuli kilikuwa upande wangu. Wateja nikiwaita wanasogea, wakifika karibu wananunua kwa jirani. Nikaacha kuita. Nikawa nauza kwa kunyoosha kidole kama bubu.

Kisha wakaja nyumbani kina mama watatu wa kwaya. Wamebeba sukari na kipande cha sabuni, nikajua wamekuja kunijulia hali, nikafurahi, nikawapa viti. Tukakaa. Mkubwa wao akasema, "Mama, tumeona upumzike kwanza na kwaya, upate nafuu." Nikauliza, "Nimefanya nini?" Mwingine akasema, "Hujafanya kitu. Ni hewa tu pale mbele tunaposimama."

Hewa. Hawakuniambia, "Nenda hospitali, tutakusindikiza." Hawakuuliza umetibiwa wapi. Walikuja kunipa sukari ili niondoke mbele. Na Jumapili iliyofuata nilipokaa benchi la nyuma, benchi lile likabaki na mimi na watoto wangu tu. Hilo nalisema kwenu ninyi mliopo hapa. Mlisimama mkahama. Mlijifanya mnaenda karibu na altare kwa ajili ya kusikia mahubiri.

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Mume wangu akahamia chumba cha vifaa vyake, akisema anaumwa mgongo na kitanda kimelegea. Lakini lililonivunja lilikuwa dogo kuliko hayo. Nilikuwa nampa binti yangu mdogo uji, uji wa moto, nikaupuliza. Akageuza uso. Nikapuliza tena, akaweka mkono mbele ya pua, akaniambia taratibu, "Mama, usipulize, utapoa wenyewe." Alikuwa na miaka minne. Alikuwa anajaribu kunistahi. Niliweka bakuli chini, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo, nikajiambia kwamba haya meno yatatoka, yatoke yote, hata kesho.

Hapo ndipo nilipompata mtu mmoja mwenye duka la dawa.

Mnakumbuka miaka ile. Zahanati haina dawa, hospitalini tumeambiwa sasa tuchangie, na barabarani kila kituo kimeota duka la dawa baridi. Mwenye mtaji wa chumvi alifungua la chumvi, mwenye mtaji wa vidonge alifungua la vidonge, na hakuna aliyemuuliza amesomea wapi. Huyu alikuwa na koti jeupe. Alikuwa na bango limechorwa jino linalocheka. Nilimweleza nikiwa nimesimama mbali kidogo, kama nilivyozoea kusimama. Akasema, "Hao ni wadudu, mama. Dawa yake ni kutoa."

Akanikalisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka, katikati ya makatoni. Hakunawa mikono. Hakuniuliza kama nina mimba, kama nina presha, kama nimekula. Akachoma sindano, na kabla ganzi haijashika akaanza kuvuta. Alitoa matano kwa mkao mmoja, mawili yakiwa ya mbele juu. La tano lilivunjika, kipande kikabaki ndani, akasema kitatoka chenyewe. Akanipa vidonge vya rangi mbili vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, akaniambia, "Ukipona uje tumalizie."

Tumalizie. Nilitembea kurudi nyumbani kanga yote mbele imelowa damu. Nilipita watu njiani. Waliniamkia, nikaitikia kwa kichwa, wakaendelea na safari zao.

Siku ya tatu uso ulivimba mpaka jicho la kulia likafumba. Shingo ikawa ngumu. Mate nikashindwa kumeza, yanatiririka tu. Homa ilinipeleka mahali ambapo nilikuwa namwona marehemu mama yangu akianika mahindi. Aliyeniokoa ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Aliingia, akanitazama, hakuuliza mtu ruhusa. Akaenda barabarani akasimamisha lori la mnunuzi wa kahawa lililokuwa linapanda milimani likiwa tupu, akamwambia dereva, "Huyu akifia kwangu, nitasema ulimwona ukapita." Tukapakiwa nyuma. Nilipanda mlima ule kichwa kikiwa kwenye mapaja yake.

Kwenye hospitali ya misheni walinilaza. Walipasua jipu, walitoa usaha, waliniwekea dripu. Siku ya sita, homa imeshuka, wakanipeleka chumba cha meno. Tabibu wa meno alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi huku, amejitanda ushungi chini ya koti. Akaniambia nifungue mdomo. Nikafungua nusu. Akasema, "Fungua wote, dada." Nikafungua, nikafumba macho, nikisubiri asogee nyuma.

Hakusogea. Aliinama akachungulia, akapima fizi jino kwa jino kwa kijiti chembamba cha chuma, anamtajia msaidizi wake namba, naye anaandika. Alipomaliza akauliza, "Unapiga mswaki vipi?"

Ndugu zangu, hilo swali lilinichoma kuliko koleo la yule mwenye duka. Nikamwambia, "Napiga kila siku. Unadhani mimi ni mchafu?"

"Sijasema mchafu. Nimeuliza vipi."

"Daktari, usinihoji. Ng'oa yote nikaishi."

"Sing'oi jino linaloweza kukaa."

"Meno ni yangu."

"Ni yako," akasema, "na yamebaki ishirini na mbili. Manne hayana maisha, hayo nitayatoa. Kumi na manane tunaweza kuyaokoa, lakini itachukua miaka na utachoka na mimi. Ukitaka mtu wa kung'oa tu, umeshawahi kumpata."

Nikanyanyuka. Nikatoka bila kuaga. Nilifika getini, wifi ananifuata na kifurushi cha nguo. Nikamwambia huyu binti ananidharau, twende zetu. Wifi akaniweka chini kwenye ukingo wa mfereji. Akasema, "Nisikilize. Huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemwona anakuinamia. Mimi mwenyewe kwenye lori, na ninavyokupenda, nilikuwa natazama pembeni. Wewe hukuniona kwa sababu ya homa. Rudi ndani."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa ukweli wa hivyo. Nilikaa pale nikamchukia, halafu nikarudi.

Tabibu hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinikaribisha kitini, akauliza, "Mama yako ana meno?"

Nikasema, "Alifariki."

"Alipofariki alikuwa nayo?"

Mama yangu alikufa hana hata moja. Yalianguka moja moja akiwa bado na nguvu ya kulima ngolo, yale mashimo ya kilimo cha kwetu milimani, kwa jembe siku nzima. Sisi tulisema ni uzee. Hakuwa mzee. Na alinuka mdomo. Na mimi, nikiwa binti wa miaka kumi na saba, nimesoma mpaka darasa la saba, najiona safi, ndiye niliyemtengea sahani yake na kikombe chake, nikaviweka rafu ya chini. Nilimwambia ni kwa ajili ya afya. Alikula kwenye sahani ile mpaka anakufa, na hakuwahi kulalamika.

Nilimweleza tabibu. Akasema ugonjwa huu hutembea kwenye familia, kwamba mama alikuwa mgonjwa kama mimi, na kwamba ulikuwa wa kutibika. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, huku anavaa glavu. Mimi nikalia mpaka akanipa pamba nzima.

Tangu siku ile hasira yangu haijawahi kuwa ya kuwatazama ninyi peke yenu. Nawalaumu kwa benchi, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa nimehama benchi kabla yenu, nikamhama mama yangu mzazi. Na ni hasira hiyo iliyonirudisha kitini kila mara, maana huruma peke yake isingenipandisha mlima ule.

Sasa matibabu. Msidhani ni siku moja mtu anawekewa mikono. Kwanza aliyatoa yale manne na kile kipande kilichobaki. Halafu akaanza kukwangua. Ukoga ule wa meno ukikaa miaka unakuwa mgumu kama chokaa, na unashuka chini ya fizi, huko usikokuona. Anakupiga ganzi, anakwangua robo ya mdomo, unarudi baada ya wiki mbili kwa robo nyingine. Nilikaa kwa kaka yangu huko kwenye kahawa, nachuma naye, nakwenda kukwanguliwa, narudi kuchuma. Sehemu mbili zilikataa, ikabidi apasue fizi, aikunjue, asafishe mizizi, ashone. Nilikunywa uji kwa wiki nzima. Alinifundisha kupiga mswaki upya kama mtoto wa chekechea, mswaki laini, pale jino linapoingia kwenye fizi, taratibu, na kupitisha uzi katikati ya meno. Ule mkaa wangu na chumvi nilivyokuwa nasugua kwa nguvu, nilikuwa najichubua tu.

Baadaye ikawa kila miezi mitatu. Miaka mitatu, kila miezi mitatu, kutoka Chiwanda hadi milimani. Masika lori likikwama tunashuka tunasukuma, nafika na matope mpaka magotini, naketi kwenye kiti kile na matope yangu. Mume wangu akawa anasema, "Safari zote hizo kwa ajili ya meno tu?" Mara moja nikamwambia anisindikize. Tulipofika tabibu akamwambia na yeye, "Shemeji, kaa hapa nikuone." Akafunguliwa mdomo. Fizi zake zikatoa damu kwa kuguswa tu. Kesho yake nikamkuta uani na mswaki wangu wa akiba.

Akarudi chumbani, ndugu zangu, harufu ilipokwisha. Alirudi siku moja na shuka lake, akalala, bila neno. Nilimwambia, kuna neno nalisubiri. Yupo pale, anatazama viatu vyake. Bado nalisubiri.

Mwenyekiti anataka niseme nimepona. Tabibu alinikataza nisiseme hivyo. Ugonjwa umetulizwa, mfupa ulioliwa haurudi. Nina meno kumi na manane na ya bandia upande wa mbele, haya mnayoyaona, navua nikilala. Fizi zimeshuka, meno yanaonekana marefu kama ya farasi, na maji ya baridi ya kisima yananipiga mpaka masikioni. Mahindi ya kuchoma siyang'ati, nayapukuchua kwa kidole. Muwa nimeuacha. Kila nikiona mate yana wekundu kidogo moyo unaanguka. Nikikosa miadi mara mbili, inaanza upya. Haya ndiyo maisha yangu mpaka nife na nimeyakubali.

Lakini nitawaambia na nilichopata. Natafuna samaki mbasa aliyekaangwa, namtafuna pande zote mbili za mdomo. Nalala nikaamka, na mto hauna harufu. Gulio la Mbinga naita shemeji, shemeji anakuja mpaka hapa, uso kwa uso, nasikia pumzi yake naye anasikia yangu, tunabishana. Yule wa meza ya pili amerudisha meza yake, akisema kivuli kimehama. Nikamwuzia usipa kwa bei ya mgeni. Kwaya walikuja kunirudisha, wakiwa na sukari tena. Nikapokea sukari. Kwaya sikurudi, naimba nikiwa nimekaa benchi la nyuma, na najua mnanisikia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru wifi yangu, aliyesimamisha lori na akanieleza ukweli nikiwa nimekaa kwenye mfereji. Nawashukuru kaka yangu na mke wake kwa godoro na uji. Namshukuru yule tabibu, ambaye si wa dini yetu wala wa kabila letu, na aliyeinama pale mlipohama. Yule mwenye duka simshukuru. Duka lake lilifungwa, nimesikia amefungua kwingine, na lile bango la jino amekwenda nalo. Mkiliona, piteni mbali.

Fundisho langu ni moja. Ukimsikia mwenzako ananuka mdomo, huyo ni mgonjwa. Mwite pembeni, mwambie kwa maneno, halafu mpeleke. Atakasirika. Mwache akasirike, mpeleke hivyohivyo. Adabu yenu ya kunyamaza ilinigharimu meno tisa, na adabu yangu ilimgharimu mama yangu yote.

La mwisho, nikae. Mchana huu tulipokula, kuna dada mmoja humu alimeza ugali bila kutafuna, akapitisha nyama yake kwa jirani, akasema ameshiba. Mimi nilifanya hivyo miaka mitatu, najua kushiba na najua lile alilolifanya. Simtazami, msigeuke kumtafuta. Dada, Alhamisi lori linapanda mlimani alfajiri, na miadi yangu ni siku hiyo. Nitakaa nyuma, na nitakuwekea nafasi ubavuni mwangu.